Vitufe vya Kijivu

Saa mbili usiku, Daugavpils, mwezi wa Machi,
nimebaki peke yangu ofisi ya vipimo vya mto
na lahajedwali lenye miaka thelathini na minne ya barafu:
tarehe, unene kwa sentimita, siku mto ulipopasuka.
Kesho saa tatu halmashauri inataka chati.
Si tarakimu. Tarakimu, alisema Bi Dzidra wa fedha,
zinamuumiza macho; anataka mstari unaopanda na kushuka
ajue kama mifuko ya mchanga ainunue au asinunue.

Nateua safu, toka juu hadi chini.
Naenda penye chati.
Vitufe vyote kijivu.
Cha mstari, kijivu. Cha nguzo, kijivu. Cha duara,
ambacho sina haja nacho, nacho kijivu,
kama kimegoma kwa kuwahurumia wenzake.

Nabofya.
Nabofya kwa upole, kama abishaye hodi kwa mgonjwa.
Nabofya kwa nguvu, kama adaiye kodi.
Kipanya tik, tik, na hakuna aitikaye.

Nazima, nahesabu hadi ishirini, nawasha. Kijivu.
Naangalia kama karatasi imefungwa kwa nywila: wazi.
Kama nimeshika kurasa mbili kwa pamoja: moja tu.
Nafungua faili jipya, tupu,
na humo vitufe vinang'aa
kama watoto wa shule siku ya picha.
Kumbe ugonjwa si wa mashine. Ni wa faili hili,
faili la Arvīds,

aliyetoboa barafu kwa keekee lake mwenyewe
na hakuamini kipimo kilichotoka mkono mwingine.
Alistaafu mwaka juzi, akatuachia kikombe
na kalenda ya kampuni ya matrekta.
Novemba akaacha na vilivyobaki.

Kimya kingi kina mshindo, husemwa.
Hiki nimekipa saa nzima, hakina.

Nampigia Ritvars, Riga. Anatafuna kitu.
"Shikilia Kontroli, bonyeza sita."
"Sita ipi?"
"Ya juu, si ya pembeni. Kuna mtu ameficha vitu vyote.
Vikishafichwa, mashine haikubali uongeze kingine."

Sita.

Zikaibuka. Si yangu, yangu bado sijaichora.
Zake: chati kumi na tisa, zimepandana
kama mabamba ya barafu kwenye nguzo za daraja,
kila moja na majira yake ya baridi,
na kila moja na kisanduku kidogo cha maneno.
*Hapa nimekosea sentimita mbili. Mvua.*
*Keekee limevunjika, nimekadiria, samahani.*
*Mto umepasuka saa tisa usiku. Nimeusikia kitandani,
nikamwamsha Lūcija. Hakuamka.*

Aliona haya, akazificha? Au kidole kiliteleza
akitafuta saba? Sijui. Miaka miwili nimejaza seli
pembeni yake, na sikujua kwamba kuna mtu.

"Imekubali?" anauliza Ritvars.
Vitufe vina rangi. "Imekubali."
"Basi futa hizo za zamani, faili liwe jepesi."
"Nitafuta," nikasema, na nikajua ninadanganya,
na nadhani naye alijua; akaendelea kutafuna.

Nikachora ya Bi Dzidra: mstari mmoja, buluu,
kichwa kwa herufi kubwa, mhimili usiomtisha.
Nikaisogeza kulia, safu tatu, safu nne,
isije ikamkanyaga mwenyewe.
Nikahifadhi. Nikahifadhi tena.

Kisha, kwa kuwa vilikubali sasa kila nilichokiomba,
nikaongeza kisanduku kimoja chini ya vyake:
*Bado haujapasuka. Nimefungua dirisha. Velta.*